Je, Aliyetungoja Anatudai?

Wahenga wetu waliacha methali nyingi juu ya mgeni. Walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," wakimaanisha kwamba nyumba inayotembelewa hupata nafuu kwa kule kutembelewa. Walisema pia, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe," wakitukumbusha kwamba ugeni nao una mpaka wake, na kwamba akaaye sana sharti aingie katika kazi za mji. Methali hizi zinamhusu mgeni aliyefika: mlango umefunguliwa, mkeka umetandikwa, maji ya kunawa yameletwa. Lakini yuko wapi yule mgeni aliyeonekana kwa mbali, akapikiwa, akangojewa, kisha akageuza njia asiingie? Je, ana wajibu wowote kwa waliomngoja? Na hao waliongoja bure wana haki gani juu yake?

Swali hili ndilo tunalokusudia kulichambua katika makala haya. Tutalitazama kwa mfano mmoja wa mbali, yaani meli ya watalii inayofika mbele ya kisiwa kidogo siku ya upepo. Mfano wa mbali tumeuchagua kwa makusudi. Jambo la jirani huchanganyika na undugu na ugomvi, hata mtu akashindwa kulipima; jambo la mbali huonekana umbo lake lote. Tukiisha kulielewa huko, tutalirejesha nyumbani.

Kisiwa cha Norfolk kimo katika Bahari ya Pasifiki, baina ya Australia, New Zealand na Kaledonia Mpya, yapata kilomita 1,400 mashariki ya bara la Australia, nayo ndiyo nchi inayokimiliki. Eneo lake ni kilomita za mraba 35 hivi, na wakazi wake ni kama 2,200. Kiko nje kidogo ya ukanda wa tropiki, kwa hiyo joto lake ni la wastani na baridi yake si ya kutisha. Misunobari yake mirefu, iliyonyooka kama milingoti, imepata sifa duniani hata ikachorwa katika bendera ya kisiwa. Mji wa Kingston, wenye majengo ya mawe yaliyosalia kutoka enzi za wafungwa wa Kiingereza, uliingizwa mwaka 2010 katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na maeneo mengine ya wafungwa nchini Australia. Kwa mtu apendaye historia na hewa safi, ni mahali pa kutamaniwa.

Uzuri huo wote, hata hivyo, una kizuizi kimoja: kisiwa hakina bandari. Sehemu kubwa ya pwani yake ni majabali. Kuna magati mawili tu, moja la Kingston upande wa kusini na jingine la Cascade upande wa kaskazini, na yote mawili yanatazama bahari wazi. Meli kubwa haiwezi kufunga kamba hapo. Sharti itie nanga au ielee mbali na ufuko, na kila kitu kiteremshwe kwa vyombo vidogo. Kwa vizazi vingi shehena za kisiwa zililetwa nchi kavu kwa matishari yaliyokokotwa na mashua za injini. Hata basi na malori yaliteremshwa kwa kuyafunga matishari mawili ubavu kwa ubavu. Abiria wa meli za watalii nao hushushwa kwa mashua za meli yenyewe, kundi baada ya kundi, hadi gatini.

Hapo ndipo upepo unapokuwa hakimu. Ukivuma kutoka kusini, Kingston hufungwa na watu hujaribu Cascade. Ukigeuka, hali nayo hugeuka. Lakini zipo siku ambapo mawimbi hukizunguka kisiwa pande zote. Hayo si lazima yawe mawimbi ya tufani. Yatosha mashua kupanda na kushuka kando ya gati kwa kimo kinachozidi hatua ya mtu, maana wengi wa abiria wa safari kama hizi ni watu wa makamo na wazee. Kijana aweza kuruka. Bibi wa miaka sabini hawezi, wala hapaswi kuambiwa ajaribu.

Na tuitazame asubuhi ya siku kama hiyo kutoka pande zote mbili. Kisiwani watu wameamka kabla ya mapambazuko. Madereva wamesafisha mabasi. Wapishi wameoka mikate na maandazi kwa kiasi kisichoweza kuliwa na wenyeji peke yao. Wenye vibanda wametandaza nguo, asali na vikapu vilivyosukwa. Wazee wanaosimulia habari za kale wamejiweka tayari kwenye majumba ya makumbusho. Tukumbuke kwamba meli moja ya siku hizi yaweza kubeba abiria 2,000 au zaidi, idadi inayokaribia ile ya wakazi wote. Kuwapokea si kazi ya mtu mmoja, ni kazi ya mji mzima. Na meli inaonekana. Ipo pale baharini, nyeupe, kubwa kuliko jengo lolote la kisiwani.

Melini nako abiria wamesimama kwenye sitaha wakikitazama kisiwa. Wanaiona misunobari. Kisha sauti ya nahodha inasikika kwenye vipaza sauti: upepo ni mkali, mawimbi hayaruhusu, usalama kwanza, safari inaendelea kwenda kituo kifuatacho. Baadhi wanasikitika, wengine wanarudi kwenye kifungua kinywa. Baada ya saa chache kisiwa kimezama nyuma ya upeo wa macho. Kule ufukoni mikate ingali na joto.

Tuseme wazi tangu mwanzo kwamba hatumlaumu nahodha. Mamlaka yake ya kukataa kuteremsha watu ni mamlaka ya kulinda roho, na hakuna biashara yenye thamani ya roho moja. Bahari ya Norfolk ilikwisha kutoa fundisho hilo zamani. Tarehe 19 Machi 1790 manowari ya Kiingereza iliyoitwa Sirius, chini ya Kapteni John Hunter, ilikuwa ikiteremsha vyakula karibu na Kingston. Upepo na mkondo viliikumba, ikasukumwa juu ya mwamba na kuvunjika. Watu waliokolewa, lakini meli haikuokoka. Nahodha anayegeuza meli yake leo huenda anaiepusha na msiba kama huo, nasi tungemshangaa kama angefanya vinginevyo.

Basi ikiwa nahodha hana kosa, na upepo hauna kosa, je, hapo shauri limekwisha? Wengi watajibu ndiyo. Watasema: pasipo mkosaji hapana mdai. Sisi twaona kwamba jibu hili limeharakishwa, na hapo ndipo penye kiini cha makala haya.

Kwanza tuangalie hasara inakwenda wapi. Katika safari hizi kwa desturi mkataba wa tiketi humpa nahodha uhuru wa kubadili vituo bila kulipa fidia. Abiria aghalabu hurejeshewa ada za bandari asiyoifikia, na pesa za matembezi aliyoyanunua melini. Kampuni huokoa gharama za kituo, na wakati huo abiria hubaki ndani ya meli wakinunua vinywaji na bidhaa zake. Kwa hiyo msafiri amepoteza kitu na kurudishiwa kitu. Mwenye meli hakupoteza sana. Ni nani basi aliyebeba mzigo wa upepo? Ni yule aliyeoka mkate. Upepo ulivuma juu ya wote, lakini hasara yake ikamwangukia mmoja, tena aliye mdogo kuliko wote.

Zipo hoja tatu ambazo mtu mwenye akili anaweza kuzitoa dhidi yetu, na haifai kuzipita kimya.

Hoja ya kwanza husema kwamba hii ni biashara, na mfanyabiashara hujua hatari za soko lake. Anayeuza miavuli hamdai mtu yeyote siku ya jua. Hoja hii ina ukweli ndani yake. Lakini muuza miavuli hakualikwa na mtu maalumu kuleta mwavuli mahali maalumu saa fulani. Watu wa kisiwani waliarifiwa siku na saa. Walitakiwa wawe tayari, na kama wasingekuwa tayari wangelaumiwa. Aliyekutaka ujiandae kwa ajili yake si sawa na mpita njia.

Hoja ya pili husema kwamba hakuna ahadi iliyovunjwa, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba kushuka kunategemea hali ya bahari. Hili nalo ni kweli, na ndiyo sababu hatusemi kwamba pana uongo au udanganyifu. Hata hivyo ahadi yenye sharti haiwi utupu kwa sababu sharti halikutimia. Mtu aliyesema, "Nitakuja Mungu akipenda," kisha akazuiliwa njiani, hakuvunja ahadi. Lakini tungemwona hana adabu kama asingetuma hata salamu kueleza yaliyomkuta. Neno "Mungu akipenda" humwondolea mtu hatia, ila halimwondolei wajibu wa kumkumbuka aliyekaa akimtazamia.

Hoja ya tatu ndiyo nzito zaidi. Husema kwamba mwenyeji hakutoa kitu kwa mgeni, kwa hiyo mgeni hana cha kulipa. Mkate haukuliwa, basi halikupanda mtu, hadithi haikusikilizwa. Deni litatoka wapi pasipopokewa kitu? Kwa hoja hii tunajibu kwamba kitu kilipokewa, tena mapema. Jina la kisiwa lilichapishwa katika matangazo ya safari. Picha za misunobari na magofu ya mawe zilitumika kumshawishi mnunuzi miezi mingi kabla ya meli kung'oa nanga Sydney, Brisbane au Auckland. Tiketi ziliuzwa kwa sababu, pamoja na mengine, palikuwa na watu mahali fulani waliokuwa tayari kupokea. Utayari wa mwenyeji ni mali iliyokwisha kutumika kabla mgeni hajafika. Mwenye meli ameuza kungojewa kwetu. Hawezi kusema hakutuchukulia kitu.

Kutokana na hayo twaweza kutofautisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kila siku huchanganywa, yaani lawama na deni. Lawama humtafuta aliyekosa. Deni humtafuta aliyefaidika, au aliyesababisha mwingine agharimike kwa ajili yake, hata kama hakukosa lolote. Mkulima aliyekopa mbegu, kisha ukame ukaliharibu shamba lake, halaumiwi kwa ukame, lakini haendi kwa aliyemkopesha na kusema, "Mvua haikunyesha, kwa hiyo hatudaiani." Huenda na kusema, "Mvua haikunyesha, tufanyeje?" Katika neno hilo "tufanyeje" mna utu wote tunaouzungumzia. Kwa maneno mengine, upepo huondoa lawama, lakini hauondoi deni.

Sasa turudi nyumbani, maana wasomaji wetu wengi hawataiona Norfolk, wala hawatapanda meli za aina hiyo. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Tanganyika hatuhitaji kuelezwa sana maana ya kungoja chombo. Meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, kwa miaka mingi ilihudumia mwambao wa ziwa hilo baina ya Kigoma na Mpulungu. Vituo vyake vingi havikuwa na gati. Ilisimama mbali kidogo, na mashua za vijijini zikaifuata, zikiwa na watu, dagaa, mchele na mananasi. Kwa kijiji kisicho na barabara, meli ilikuwa ndiyo soko, ndiyo posta, ndiyo njia ya kwenda hospitali. Usiku wa upepo wa kusini, pale mawimbi yanapoizuia mitumbwi kutoka ufukoni, hakuna mtu atakayemlaumu nahodha. Lakini mwenye kapu la dagaa anajua kwamba upepo haukumpiga yeye na nahodha kwa nguvu moja.

Mfano mwingine uko karibu zaidi, nao ni wa shuleni. Ni mara ngapi watoto wamesimamishwa juani tangu asubuhi, wamevaa sare safi, wana nyimbo na vibendera, wakimngoja mgeni rasmi? Mvua ikaharibu barabara huko alikotoka, akarejea njiani, na alasiri watoto wakaambiwa watawanyike. Mgeni hakukosa, barabara haipitiki. Lakini yafaa tuulize: je, kuna aliyerudi kuwaeleza? Je, kesho yake ilisomwa mstarini barua yoyote, hata ya mistari mitatu, kusema kwamba mgeni aliwafikiria, kwamba anajua walisimama, kwamba anasikitika? Mara nyingi sana barua ya udhuru huandikwa kwa wakubwa waliokuwa jukwaani, na wale waliosimama juani hawapati neno. Mtoto hujifunza siku hiyo kwamba kungoja kwake hakuna bei. Somo hilo halimo katika muhtasari wowote, lakini hufundishwa vizuri kuliko masomo mengi.

Twaona basi kwamba kinachodaiwa si fedha peke yake. Fedha ni sehemu, na kwa watu wanaoishi kwa wageni si sehemu ndogo. Lakini kuna jambo jingine ambalo mwenyeji hulingoja, nalo ni kuonwa. Ili kulieleza yatubidi tuseme kidogo juu ya upepo na lugha, jambo ambalo kwa walimu wa Kiswahili halitakuwa geni.

Katika mwambao wa Afrika Mashariki upepo ulifanya kazi iliyo kinyume cha ule wa Norfolk. Majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi. Baina ya pepo hizo mbili mgeni hakuwa na hiari, sharti akae. Akikaa hula, hununua, huugua, huuguzwa, huoa, hujifunza kuomba maji kwa lugha ya wenyeji. Kiswahili chenyewe kilikuwa lugha ya Kibantu ya wenyeji tangu awali, lakini maneno mengi kiliyoyapokea yaliingia kwa mlango huo wa kukaa na kungojeana. Hatusemi kwamba wageni hao wote walikuja kwa heri, kwani biashara ya watumwa nayo ilisafiri kwa pepo zizo hizo. Tunasema tu kwamba upepo uliwanyima watu uwezo wa kupita bila kuonana.

Norfolk nayo ina lugha iliyozaliwa na watu waliokaa. Mwaka 1789 mabaharia wa meli ya Bounty waliasi. Mwaka uliofuata tisa kati yao walifika kisiwa cha Pitcairn pamoja na wanawake na wanaume wa Tahiti na visiwa jirani, baadhi yao wakiwa wamechukuliwa kwa hila. Uzao wao ulipoongezeka na kisiwa kikawa finyu, watu 194 walihamishiwa Norfolk, wakafika tarehe 8 Juni 1856. Siku hiyo huadhimishwa hadi leo. Lugha yao, iitwayo Norf'k, imefumwa kwa Kiingereza cha mabaharia wa karne ya 18 na Kitahiti. Kuna wakati ilipigwa vita shuleni, habari ambayo wengi wetu tunaifahamu kwa lugha zetu za nyumbani. Mwaka 2004 sheria ya kisiwa iliitambua kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Salamu yake ni "watawieh". Mgeni anayeshuka kwa saa sita aweza kuisikia na hata kuijibu. Asiyeshuka haisikii, na asiyejua kwamba ipo hajui hata alichokikosa.

Hata hivyo tusiingie katika kosa la kudhani kwamba kukaa peke yake ni dawa. Sirius ilipovunjika mwaka 1790, watu wake walikwama kisiwani karibu mwaka mzima pamoja na walowezi na wafungwa waliokuwapo. Chakula kikawa haba. Waliwageukia ndege wa baharini waliotaga katika mlima wa Pitt, na katika miezi michache wakachinja zaidi ya 170,000. Ndege hao waliwaokoa na njaa, wakaitwa ndege wa Majaliwa. Lakini haikupita miaka mingi wakatoweka kabisa katika kisiwa hicho kikuu. Mgeni aliyezuiliwa na upepo alikaa, naam, lakini alikaa kwa kula. Ndiyo maana wahenga hawakusema, "Siku ya tatu mwache akae." Walisema apewe jembe. Thamani ya mgeni haipimwi kwa urefu wa siku zake, bali kwa kukubali kwake kubeba sehemu ya mzigo wa mahali alipofika.

Kwa kipimo hicho twaweza sasa kueleza jinsi deni la asiyeshuka linavyoweza kulipwa. Jembe lake ni lipi, naye hakukanyaga ardhi?

La kwanza ni kugawana hasara. Si jambo gumu kwa mikataba kutamka kwamba sehemu fulani ya ada italipwa kwa mji uliojitayarisha, meli ishushe watu au isishushe. Kama upepo ni hatari inayojulikana na wote, ni haki ibebwe na wote, tena kila mmoja kwa kadiri ya nguvu zake. Haki haisemi kwamba mwenye vibanda alipwe kana kwamba ameuza kila kitu. Yasema tu asiachwe peke yake na upepo.

La pili ni kutoa habari mapema na kwa heshima. Neno la nahodha kwa abiria hutolewa kwa utaratibu na upole. Neno la kampuni kwa wenyeji nalo lastahili upole uo huo, na mapema iwezekanavyo, ili unga usikandwe bure. Kumwarifu mtu kwamba hutakuja ni kukiri kwamba alikuwapo akikungoja.

La tatu linamhusu abiria mwenyewe. Hakuchagua upepo, hakuandika mkataba, wala hana meli ya kuigeuza. Tusimtwike mzigo usio wake. Lakini aliye kwenye sitaha akakitazama kisiwa kikipotea, anaweza kuuliza: ni akina nani wale? Walitutayarishia nini? Wanasema lugha gani? Anaweza kuliacha tangazo la kampuni likawa habari ya kituo kilichofutwa, au anaweza kulipokea kama habari ya watu waliobaki ufukoni. Tofauti hii haionekani katika hesabu za fedha, lakini ndiyo inayotenga msafiri na shehena.

La nne linamhusu mwenyeji, kwa kuwa hakuna haki isiyo na wajibu wake. Mwenyeji aliyeumizwa na siku kumi za upepo hashawishiki kwa urahisi kumhurumia mgeni wa siku ya kumi na moja. Aweza kutamani kumtoza huyo mmoja gharama za wote walioshindwa kushuka. Hiyo itakuwa kumlipisha mtu deni la mwingine. Wala haifai mji mzima uyaweke maisha yake yote juu ya sitaha ya meli. Meli za watalii ziliposimama kote duniani mwaka 2020 kwa sababu ya maradhi ya korona, miji iliyokuwa na mashamba, uvuvi na ufundi wake ilikuwa na pa kushika. Mwenyeji anayejitegemea humkaribisha mgeni kwa moyo mweupe, maana hamkaribishi kwa njaa.

Yawezekana msomaji akatuambia kwamba tumelifanya kubwa jambo dogo: mikate imebaki, meli imepita, kesho itakuja nyingine. Sisi hatuoni kwamba ni dogo. Ulimwengu wetu unazidi kupangwa kwa namna ambayo wachache wana uwezo wa kupita, na wengi wana kazi ya kuwa tayari. Mwenye uwezo wa kupita hubadili ratiba. Mwenye kazi ya kuwa tayari hubadili maisha. Wa kwanza akizuiliwa huiita bahati mbaya na kuisahau kabla ya chakula cha jioni. Wa pili huibeba nyumbani na kuigawa kwa watoto. Tukikubali kwamba palipo na upepo hapana deni, tutakuwa tumewapa wenye nguvu udhuru usiokwisha, kwa maana upepo haukosekani: leo ni mawimbi, kesho ni barabara, keshokutwa ni bei ya mafuta au mabadiliko ya mpango.

Walimu wenzetu, mambo haya yanaweza kujadiliwa na wanafunzi wa madarasa ya juu pasipo kitabu chochote. Waulizwe: ni nani aliwahi kukungoja, nawe usifike? Ulimwambia nini baadaye? Na ni nani uliyemngoja wewe? Wapewe methali ya jembe, watafute jembe la mgeni asiyefika. Tunaamini watatoa majibu mazuri kuliko yetu, kwani mtoto anayechota maji na kuwangoja wakubwa anaijua bei ya kungoja.

Jibu letu kwa swali la kichwa cha makala haya ni ndiyo. Aliyetungoja anatudai, hata kama upepo ndio uliotuzuia. Hatudai tuhatarishe roho zetu kwa kushuka katika mawimbi. Anatudai tujue kwamba alikuwapo pale, tumpelekee neno, na tuichukue sehemu yetu ya hasara.